Wanaokimbia ni wa Kwetu

Kijana aliifungua ile chupa mbele yetu, akaipitisha kwa kila mama ili anuse. Mimi harufu ilinifikia kabla ya chupa yenyewe. Udongo mweusi uliokaa kivulini muda mrefu, samadi ya zamani, majivu kidogo, na unyevu. Nilitaka kugeuka nione kama nyanya yangu amesimama nyuma yangu, kwa maana hiyo ndiyo ilikuwa harufu ya mikono yake.

"Hii ni teknolojia mpya, wamama," alisema kijana. Alikuwa amekuja kutoka Kisumu kufundisha kikundi chetu cha akina mama wa Seme, na viatu vyake vilikuwa safi mno kwa shamba. "Ndani kuna utitiri. Si ule wa kuku, musiogope. Huyu anaishi kwa udongo na anawinda. Anakula mayai ya wadudu, anakula funza wenye wanamaliza miche zenu. Musiweke chupa kwa jua. Nyunyizeni jioni, udongo ikiwa na maji kidogo. Na dawa ya unga, tafadhali, musiweke hapo. Mutaua rafiki."

Akina mama walikuwa wakiandika. Mimi nilikuwa nimeshika kalamu na sikuandika hata neno moja. Hasira zilinipanda hadi masikio yakaanza kuwaka. Teknolojia mpya! Nilikuwa nimeyasikia maelekezo hayo yote, moja baada ya jingine, nikiwa mtoto wa miaka tisa, kutoka kwa mwanamke ambaye hakuwahi kushika kitabu ila kukifuta vumbi.

Ninyi wa rika langu, mliosoma miaka ile ambayo taifa lilikuwa changa na kila mwalimu alijiona waziri, mtanielewa. Tulifundishwa kwamba kila kitu kilichotoka nyumbani ni giza na kila kilichotoka ubaoni ni nuru. Nami niliamini. Niliamini kuliko wenzangu wote.

Nilikuwa nimeletwa Seme kutoka Kaloleni, mjini Kisumu, ambako sisi sote tulilala chumba kimoja. Mama alijifungua mapacha, nafasi ikaisha, na baba akaamua mimi ndiye wa kupunguzwa. Nikapelekwa kwa mama yake, tuliyemwita Dana kama Wajaluo wote wanavyomwita nyanya. Nyumba yake ilikuwa ng'ambo ya Kombewa, chini kuelekea ziwani, mahali ambapo asubuhi ulisikia wanawake wakigombana majini kuhusu nani ametibua maji ya kunywa. Nilifika na viatu na kiburi. Viatu viliisha kwanza.

Dana alikuwa mjane, na mwanawe pekee aliyebaki hai alikuwa baba yangu, ambaye kazi ya bandarini haikumpa nafasi ya kuja. Dana asingeweza kuishi peke yake pale, umri ule, kama si miche. Kila msimu wa mvua alitengeneza kitalu kikubwa kando ya nyumba: osuga, yaani mnavu, na sukuma wiki. Wanawake wa eneo lile walikuja kwake kuchukua miche, kwa sababu ya wengine iliinama na kufa ikiwa na majani mawili, lakini ya Dana ilisimama. Hakuwauzia. Aliyechukua miche alirudi siku nyingine kumkandikia nyumba, au kumletea maji, au kumpalilia. Hivyo ndivyo mwanamke asiye na mtu alivyokuwa na watu. Aliyekuja zaidi ya wote alikuwa Mama Akinyi, bi harusi wa jana tu wakati huo, mwenye sauti kubwa na mikono ya kukandika ukuta ukawa laini kama chungu.

Siri ya kitalu ilikuwa gunda. Gunda ni mahali palipokuwa na boma zamani, watu wakahama au wakaisha, pakabaki majani marefu na udongo mweusi wa zizi na jiko. Kabla ya kupanda, Dana alikwenda gunda alfajiri na kikapu. Alichimba kina cha shibiri moja, akajaza kikapu, akafunika kwa majani ya mgomba yaliyoloweshwa, akajitwisha. Njiani hakusimama kumsalimu mtu yeyote. Aliitikia huku akitembea, na watu hawakukasirika, walijua Dana amebeba gunda na jua halitakiwi kuugusa ule udongo. Jioni, kitalu kikiwa kimenyunyiziwa maji, aliusambaza konzi kwa konzi.

"Dana," nilimwuliza mara ya kwanza, "kwa nini unapanda udongo juu ya udongo?"

Alicheka, akanivuta, akanimwagia konzi moja kiganjani. "Ngoja," alisema. "Usipumue sana."

Nilingoja. Udongo ulianza kutembea. Vidoa vidogo vya rangi ya uji wa mtama, vidogo kuliko punje ya chumvi, vilikimbia huku na huku, vikaingia kati ya vidole. Kisha akatoka mmoja mkubwa, mwekundu, mwenye manyoya laini kama mahameli, mmoja wa wale wanaojaa ardhini baada ya mvua za kwanza. Leo najua wale wadogo na yule mwekundu si jamaa moja. Kwa Dana walikuwa watu wa nyumba moja, kwa sababu walifanya kazi moja.

"Wanaokimbia ni wa kwetu," alisema. "Hao wanawinda. Wanaokaa mahali pamoja, wametulia, wanatafuna, hao ndio wezi. Ukichimba ukaona wanakimbia, panda. Usipoona anayekimbia, usipande."

Elimu nzima ilikuwa imelala kiganjani mwangu, nami nikawa nahesabu miguu. Nilihesabu miguu ya yule mwekundu mara mbili. Ilikuwa minane.

Basi nisikilizeni. Wiki ileile, mwalimu wetu wa kilimo, ambaye kwa sababu ya soksi zake zilizopanda hadi magotini tulimwita Mwalimu Soksi, alitundika ubaoni picha ya kupe. Ng'ombe wa jirani walikuwa wamekufa kwa homa ya kupe, na nilikuwa nimewaona watoto wa boma lile wakinywa uji mkavu, bila tone la maziwa. Mwalimu Soksi aligonga picha kwa fimbo. "Mdudu ana miguu sita. Kupe ana minane. Ukiona mwili wa duara na miguu minane, umeona adui. Adui wa ng'ombe ni adui wa nani?"

"Wa taifa!" tuliitikia.

Mwili wa duara, miguu minane, na mwekundu kama aliyekwisha kunywa damu! Nyanya yangu alikuwa akiwabeba maadui wa taifa kichwani, amewafunika majani ili wasipate jua. Niliona ni uzee. Niliona ng'ombe wote wa Seme wamelala miguu juu, na mimi peke yangu ndiye ninayejua. Jioni ile nilikamata wekundu wanne, nikawatia ndani ya kiberiti. Kesho yake nikanyoosha mkono.

"Mwalimu, Dana yangu anafuga kupe."

Darasa liliangua kicheko. Mwalimu Soksi hakucheka. Alifungua kile kiberiti kwa ncha ya kidole, akatazama, akakifunga haraka.

"Anafuga wapi?"

"Kwa kitalu. Anawatoa gunda na kikapu."

Aliniita mbele. Darasa likaambiwa linipigie makofi ya kilo, na nikapewa penseli mpya yenye raba nyekundu mwishoni. Sijawahi kupata kitu tangu siku ile, hata cheti cha kustaafu, kilichonivimbisha kichwa kiasi hicho.

Niseme wazi kinachonikera hadi leo. Mtu mzima, mwenye cheti ukutani, alipewa wadudu wanne ndani ya kiberiti na mtoto wa miaka tisa, na hakuwaweka hata juu ya karatasi awatazame kwa dakika tano. Angewatazama angeona kwamba kupe hukaa akingoja na hawa wanakimbia. Lakini yeye alikuwa na picha ubaoni, na picha ilimtosha.

Jumamosi alikuja na wavulana kumi wa darasa la juu, na mikebe miwili ya dawa ya unga. Dana aliwaona langoni akafurahi. Tafadhali likumbukeni hilo, alifurahi. Aliwatolea viti, akaniambia nilete uji, akafuta mikono kwenye leso na kumsalimu mwalimu, yaani japuonj kwa lugha yake, kwa Kiswahili chake cha sokoni.

"Karibu, japuonj. Huyu mtoto amefanya vizuri shule?"

"Sana, Mama," alisema Mwalimu Soksi. "Ndiyo sababu tumekuja."

Walikunywa uji. Wakaramba vikombe. Kisha wakasimama, wakaenda moja kwa moja kwenye kitalu, na mvulana mmoja akafungua mkebe.

"Hii ni nini?" Dana aliuliza.

"Dawa, Mama. Udongo yako iko na kupe."

"Kupe? Yawa, hapana, ngoja kwanza." Alichuchumaa, akachota udongo, akamnyooshea mkono. "Angalia, japuonj. Hii inakimbia. Yenye inakimbia ni ya kwetu. Hii inakula wale wanakula mboga. Ukiua hii, nani atashika mwizi?"

Mkono wake ulibaki hewani. Mwalimu Soksi hakuinama. Ilikuwa kazi ya kukunja mgongo tu, ashushe macho kidogo, na hakuinama.

"Mama, hii ni maneno ya sayansi. Rudi kwa sufuria yako, uji itaungua."

Wavulana walicheka. Nami, nikiwa nimeshika birika la uji, nilicheka pia, ili nionekane niko upande wao.

Walinyunyiza kitalu chote hadi miche ikawa myeupe kama iliyomwagiwa unga wa muhogo. Kisha Mwalimu Soksi akauliza gunda liko wapi, nami ndiye niliyewaongoza. Walimaliza mkebe wa pili huko. Jioni nilirudi kitaluni nikawakuta wekundu wamelala chali juu ya udongo, miguu imekunjwa. Niliwagusa kwa penseli. Hakuna aliyekimbia.

Wakati wa kula Dana aliiona ile penseli sikioni mwangu.

"Hiyo umepata wapi?"

"Mwalimu alinipa."

"Ya nini?"

Nikamweleza yote: picha, miguu minane, kiberiti, makofi. Nilimweleza kwa majivuno, Mungu anisamehe, nikidhani ataona jinsi nilivyowaokoa ng'ombe. Aliacha kutafuna. Moshi wa jiko ulikuwa ukimwingia machoni na hakusogea.

"Basi," alisema mwishoni. "Andika nayo vizuri."

Hakuniambia neno jingine kuhusu jambo lile hadi alipokufa.

Inzi walirudi kwanza. Wale weusi, wadogo, wanaoelea juu ya udongo wenye maji. Wana mabawa, wao hurudi popote. Walitaga, na kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kula mayai wala watoto wao, udongo ukajaa funza weupe wembamba kama uzi, wakatafuna mizizi. Dana aling'oa mche mmoja akanionyesha: juu majani mazuri, chini hakuna kitu. Kufikia mwisho wa wiki ya tatu kitalu kilikuwa kimelala chini. Aliokoa miche michache, akampa Mama Akinyi, naye akaenda kuipanda kwake, na funza wakaenda pamoja nayo.

Mama Akinyi alikuja akiwa amewaka. Nilikuwa pale, nimetoka ziwani, mtungi bado kichwani.

"Mama, miche yako imeniulia shamba yote! Na watu wanasema shule ilikuja hapa kwa sababu udongo yako iko na ugonjwa. Nani aliwaita?"

Nilingoja Dana aninyooshee kidole. Ilikuwa haki yake, na mimi ningepigwa na wanawake wote wa Seme na yangeisha siku ileile.

"Walikuja tu," Dana alisema. "Si unajua hawa watu wa shule."

"Walikuja tu?"

"Walikuja tu."

Mama Akinyi alimtazama kwa muda, kisha akaondoka bila kuaga. Nami niliutua mtungi. Sikusema kitu siku ile, wala kesho yake, wala siku yoyote.

Sasa mngedhani alikata tamaa. Hata kidogo. Alikwenda kwao alikozaliwa, safari ya siku mbili kwa miguu kwa mtu wa umri wake, akarudi na kikapu cha udongo wa gunda la babu zake, majani ya mgomba yakiwa bado yamelowa kwa sababu alisimama kila kijito kuyalowesha. Msimu uliofuata alichimba, akatazama kiganjani, akatabasamu peke yake. Walikuwa wakikimbia. Miche ilisimama kama zamani, mizuri kuliko zamani.

Hakuna aliyekuja kuichukua.

Wanawake walipita njiani na mitungi yao, wakasalimu kutoka barabarani, wakaendelea. Osuga ilizeeka kitaluni, ikatoa maua, ikatoa vitunda vyeusi, ndege wakala. Ukuta wa nyumba ulianza kupasuka upande wa mvua, na hakuna aliyekuja na mikono ya kukandika. Nilijaribu mimi, nikaweka udongo mwingi ukaanguka. Dana aliteka maji mwenyewe, akipumzika mara tatu kwenye kile kilima kidogo ambacho mimi nilikipanda kwa mbio. Nilijua neno moja kutoka kinywani mwangu lingewarudisha wote. Mapacha walipoanza kutembea nikarudishwa Kaloleni, na neno lile nikaondoka nalo. Nyumba ilimwangukia Dana mbavuni msimu wa mvua. Alikaa siku chache tu hospitalini.

Mwalimu Soksi alipandishwa cheo. Miaka mingi baadaye nilimkuta mtaa wa Milimani, mstaafu mwenye boma kubwa na maua yaliyokatwa sawasawa kwa kufuata kamba. Nilimkumbusha habari ya kitalu.

"Aa, siku zile hatukujua," alisema akicheka.

"Kuna aliyejua, Mwalimu. Ulimwambia arudi kwa sufuria yake."

Aliniuliza kama nakunywa chai na sukari.

Hayo yote nilirudi nayo Seme nilipostaafu, na yalikuwa kifuani mwangu siku kijana wa viatu safi alipokuja na chupa yake. Nilisimama. Niliwaambia wenzangu kwamba hiyo teknolojia mpya ilikuwa ikibebwa kwa kikapu hapahapa Seme kabla ya kijana huyu kuzaliwa, hata kabla ya mama yake kuzaliwa. Niliwaeleza habari za gunda, majani ya mgomba, konzi kwa konzi jioni. Niliwaeleza jinsi mwalimu mmoja alivyokuja na mikebe yake, akanywa uji wa mjane, akamtukana, akaua kila kilichokimbia, akaondoka na soksi zake safi. Akina mama walisonya kwa hasira. Mmoja alipangusa macho.

"Pole sana, mama," alisema kijana kwa unyenyekevu. "Huyo mwalimu alikosea sana."

"Alikosea sana!" niliitikia.

Ndipo Mama Akinyi aliponyanyua fimbo yake. Sasa ni mzee kuliko Dana alivyokuwa, anawekewa kiti cha mbele, na sauti yake kubwa imebaki nusu.

"Lakini alijuaje?" aliuliza.

"Nani, Mama?"

"Huyo mwalimu. Shule iko mbali. Gunda ilikuwa ndani kabisa, hata sisi majirani hatukuwa tunaingia. Mimi niliuliza Dana, akasema walikuja tu. Nilijua ananidanganya. Ndio sababu nilikasirika, nilijua anaficha ugonjwa." Alinigeukia. Macho yake yana ukungu siku hizi, lakini yalinipata. "Alijuaje?"

Kumbe katika maneno yangu yote yale ya moto, nilikuwa nimeruka mahali pamoja. Nimekuwa nikiparuka maisha yangu yote, kwa ustadi hadi mimi mwenyewe sikuona tena kwamba naruka.

"Nilimwambia mimi," nilisema. "Nilimpelekea ndani ya kiberiti."

Hakuna aliyesonya safari hii.

Mama Akinyi aliigonga gonga fimbo chini. "Ile ukuta," alisema hatimaye, "ilikuwa kazi ya asubuhi moja. Ya asubuhi moja tu. Nilikuwa napita hapo na mtungi kila siku, naiona imepasuka, nasema wacha ikae, huyu mama ni mwongo." Aliiegemeza fimbo gotini. "Kumbe ni wewe alikuwa anaficha. Na wewe ukaniacha nipite."

Kijana alikohoa, akatazama karatasi yake, akaanza tena pale alipoachia, kwa sauti ya chini, kwamba muhimu kabisa ni chupa isikae kwa jua.

Chupa ilikuwa bado mkononi mwangu, na jua la saa sita lilikuwa likiipiga. Nilivua leso begani, nikailowesha kwa maji ya kunawia mikono, nikaifunika chupa.